Picha Bila Msemaji

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekatazwa kuongea. Mimi! Ndani ya nyumba ya mwanangu wa kumzaa, mbele ya tivii, nimeambiwa nifunge mdomo kama mtoto anayelia msibani. Basi nitaandika. Daftari hili mjukuu alilitupa, kurasa za mbele kachora kucha na kope, za nyuma ni zangu. Mwandiko wangu si mzuri, shule niliiaga mapema. Lakini kalamu haiwezi kuambiwa shsh!

Ilikuwa hivi. Tumeshakula, tumekaa sebuleni, picha imeanza. Stelingi anapanda ngazi. Adui kajibanza nyuma ya pazia. Nikasema kama ninavyosema siku zote: huyo anapanda, masikini, hajui mwenzake yuko pale, kisu mkononi, jasho linamtiririka, pazia lenyewe jekundu kama— Mjukuu akasonya. Akanisonya mimi! "Babu, si tunaona wenyewe?" Mke wa mwanangu, yeye matusi yake yana sukari, akasema Baba, tunaomba tusikie kidogo. Na mwanangu, niliyembeba mabegani mpaka mgongo ukapinda, akasimamisha picha kwa rimoti, akanigeukia kama hakimu. Baba, ukitaka kukaa na sisi hapa, kaa kimya. Ukitoa neno, nazima.

Nikasimama. Nikasema baki na picha yenu. Mama watoto naye akasimama, akanishika mkono. Akawaambia: "Kama huyu haongei, mimi naona nini hapo?"

Wakacheka. Mimi kifua kikanijaa. Mke wa kweli huyo.

Hawajui mimi ni nani. Yaani wanajua, ila wanasahau makusudi. Mimi ndiye Kipaza! Banda letu lilikuwa la mabati, viti vyake mbao juu ya matofali, tivii moja juu ya meza, deki chini yake, na mimi pembeni na kipaza sauti nilichokifunga kwa utepe. Picha za kigeni zote zilipita mdomoni mwangu. Mlangoni watu hawakuuliza leo kuna picha gani. Waliuliza leo anasema Kipaza? Wakiambiwa anaumwa, wanarudi makwao. Na mkanda ni uleule!

Lugha za zile picha sikujua hata moja, hata ya kuombea maji. Sasa? Nilitazama uso wa mtu nikajua anachosema. Akikunja ndita namtia maneno ya ndita. Akilia namtia ya kilio. Waliokuwa wanazijua hizo lugha walisema ya kwangu yalikuwa matamu kuliko yenyewe.

Leo naambiwa kimya.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba haina raha. Nilidhani kuna msiba. Kumbe Mabega kavaa miwani!

Mabega jina nimempa mimi. Jina lake wenyewe wanalitamka kama wanamung'unya pipi. Ni stelingi wa ile tamthilia yao isiyoisha, mtu mabega kama mlango wa ghala, kichwani sijui. Sasa kashuka kwenye ndege na miwani nyeusi, kaingia ndani nayo, kapigwa picha nayo, hakuivua. Basi! Mjukuu kasema saluni kwao leo nywele hazikusukwa, vichwa vyote kwenye simu. Mke wa mwanangu kashika shavu: masikini, asije akawa ana tatizo la macho. Hata mwanangu, mwanamume mzima, kauliza hivi hajasema kitu bado?

Nikauliza mimi: huyo mtu anawajua? Akikutana nanyi njiani atawapa hata habari za asubuhi?

"Babu una wivu," anasema mjukuu.

Wivu! Wivu wa nini? Mimi nilikuwa staa wakati mastaa hawajaanza kuuzwa kwenye simu. Nilikuwa nikipita, watoto wananifuata wanaigiza sauti yangu. Kuna mama alimpa mwanawe jina la Kipaza. Sijui huyo mtoto yuko wapi leo, lakini yupo.

Wanajua mbwa wa Mabega anaitwa nani. Wanajua mama yake Mabega ana sukari. Wanajua asubuhi anakunywa juisi ya majani. Majani! Mbuzi yule.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewapa walichotaka. Nimekaa kimya kama jiwe la kusagia. Kama wanataka kimya, mimi hicho nacho nakiweza kuliko wao.

Picha yenyewe ina maandishi chini. Eti ndiyo tafsiri. Mimi nikianza kusoma, "ni-ta-ku—", mtu keshauawa, keshazikwa, mjane keshaolewa. Na hayo maandishi hayana sauti. Adui na mama mkwe wanasema kwa herufi zilezile. Upuuzi.

Mama watoto alikaa karibu yangu, shingo kaipinda upande kama kuku anayesikiliza mwewe. Akaanza kunifinya. Kufinya kwake nakujua, tangu banda la video. Alikuwa anakaa mbele kabisa, msichana wa watu, nikizubaa kidogo ananifinya mguu. Maana yake sema. Leo kanifinya paja mpaka nikaruka. Sikusema. Mimi nikiamua nimeamua.

Akauliza kwa sauti: "Huyo aliyeingia nani?"

"Bibi," mjukuu kasema, "si yule yule!"

Halafu yakatokea ya aibu. Kwenye picha wanazika. Jeneza linashuka, mtoto wa marehemu anatoa sauti, hii hii hii, na mama watoto akacheka. Akacheka kwa nguvu! Alidhani anachekeshwa. Wote wakamgeukia, kisha wakaangua kicheko, mjukuu mpaka akaanguka kwenye mkeka. Bibi mkatili! Bibi anacheka maiti! Yeye akatabasamu tu, akakunja mikono.

Sikupenda. Lakini somo limeingia. Wameona wenyewe picha bila msemaji inavyomfanya mtu. Hajui alie wapi, acheke wapi. Kazi yangu si kelele. Kazi yangu ni kumshika mtazamaji mkono.

Nimemwambia chumbani, umeona sasa? Kasema: "Nimeona." Akageukia ukutani.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi mama watoto kaniletea chai, kidole ndani ya kikombe! Nimekiona kwa macho yangu, kidole kimekunjwa juu ya ukingo, ncha inagusa chai. Nikang'aka. Tangu lini naoshewa vidole kwenye chai yangu?

"Napima kama ina moto."

"Kwa nini usipime ya kwako?"

"Yako ndiyo inayokuunguza, wewe mwenye mdomo."

Nikaipuliza. Nikanywa.

Binti yetu mkubwa kapiga simu. Yule wa mji mwingine, mwenye nyumba ya vigae na sauti ya mwalimu mkuu. Alianza na Mabega! Ati mmesikia habari za macho yake? Nikataka kukata. Kisha akaja kwenye lake la siku zote. Ngazi za hapa ni ndefu, mama anachoka, siku mama akishindwa kujihudumia nakuja kumchukua, mara moja, hakuna mjadala. Nikauliza na mimi? "Baba, wewe kwangu hutoshi. Nina chumba kimoja cha ziada na kina kitanda kidogo. Wewe utabaki kwa mwanao."

Katugawa kama viti vya harusi! Viwili hapa, viwili kule.

Mama watoto kasikia yote, simu yao wanaitoa sauti nje. Kasema kwa sauti kubwa ili yule asikie: "Mimi mzima. Mimi kila kitu najifanyia." Akainuka kwenda jikoni, mkono unapita ukutani, unapita ukutani, kama anaufuta vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Raha! Leo nimerudi kazini!

Wote walitoka mchana, wamekwenda kumpongeza mtu aliyezaa. Mlango ulipofungwa tu nikashika rimoti. Mama watoto akavuta kiti mpaka karibu na changu. Kasema anza.

Ilikuwa picha ya zamani, ya farasi na vumbi. Nikavua koti. Nikaishika rimoti kama kipaza. Nikaanza na sauti ya chini, kama zamani: mabibi na mabwana, huyu mnayemwona anatoka mbali, viatu vyake vimekwisha, farasi wake amechoka, lakini macho yake, angalieni macho yake, macho yanamtafuta mtu... Nikamsemea stelingi. Nikamsemea adui kwa sauti ya puani. Nikamsemea farasi! Bastola nilizipiga kwa mdomo ingawa zina mlio wao, maana mlio wao hauna moyo.

Mama watoto anauliza. Gauni la yule mwanamke rangi gani? Nikamwambia la bluu, bluu ya sabuni ya unga, lina vifungo mgongoni. Kakaa au kasimama? Kasimama dirishani. Anamtazama nani? Anatazama njia. Nje kuna nini? Hakuna kitu mke wangu, vumbi tupu na mti mmoja.

Akalia palipotakiwa kulia. Akacheka palipotakiwa kucheka. Mtazamaji wa namna hiyo hayupo tena duniani.

Picha ilipokwisha akaniambia, na nimeyaandika vilevile alivyoyasema: "Ukisema wewe, naona."

Basi! Sifa nyingine sihitaji. Mabega hajawahi kuambiwa neno hilo na mtu.

Jumatano, 12 Machi

Wote wamelala. Naandika hivyo hivyo.

Mchana nilikwenda kinyozi. Nilimwacha mama watoto sebuleni peke yake, nimemwashia tivii, ule mchezo wa Mabega wanaourudia mchana. Kinyozi naye habari yake ni miwani ya Mabega. Nilimwambia nyoa.

Nimerudi. Mlangoni nasikia tivii inasema. Naingia. Kioo cheusi! Cheusi tii, kama masizi ya sufuria. Sauti ipo, watu wanagombana humo ndani, milango inabamizwa, lakini picha hakuna hata chembe. Na mama watoto amekaa mbele yake, mikono magotini, anatazama.

Nilidhani ameona kituko, anangoja mwenyewe nione nicheke.

Akasema bila kugeuka: "Umerudi? Njoo. Mabega anagombana na mjomba wake, njoo uniambie kavaa nini."

Nikasimama pale. Kofia mkononi.

Nikasema: "Wewe unamwonaje?"

"Namwona. Ila mbali."

Nikapita mbele ya tivii. Nikasimama katikati yake na kioo. Hakuniambia toka. Mimi, mtu mzima na tumbo langu, nimesimama mbele yake, na yeye bado anatazama picha.

Nikainua mkono. Nikaupunga. Upepo ndio uliomgusa. Akashusha uso. Akajua kuwa nimejua.

Kidole kwenye chai. Mkono ukutani. Jeneza. Gauni rangi gani. Yote yalikuja pamoja, yakanipiga kifuani. Kipaza mimi! Mtu niliyekuwa nasoma nyuso za watu nisiowajua lugha! Huyu ninalala naye kitanda kimoja.

Nikauliza tangu lini. Kasema ilianza kabla ya mvua. Kwanza kama moshi wa jikoni. Halafu kama mtu kamimina maziwa. Sasa anaona mwanga wa dirisha na vivuli, basi.

Nikapandisha sauti. Kwa nini hukusema? Kwa nini unanificha mimi?

"Punguza sauti. Nikisema, binti yako anakuja na gari. Mimi nakaa kwenye kitanda kidogo huko, na wewe unabaki hapa na wanaokusonya. Nani atakusikiliza?"

Nimekosa neno. Mimi.

Akanishika kifundo cha mkono. "Mdomo wako hauna mlango, nakujua. Niahidi hutasema."

Nikaahidi.

Wakarudi jioni. Nani kaharibu tivii? Nani alikuwa anaangalia? Mjukuu akasema mbona mchana Bibi ndiye alikuwa hapa, Bibi, ilizimika saa ngapi? Mama watoto kaanza kukunja pindo la kanga. Nikasema ni mimi. Ilikuwa inakwama, nikaipiga kofi. Nimeiua mimi, sasa mnasemaje?

Mwanangu kaokota rimoti mezani. Kasema Baba, kuanzia leo usiguse hata waya wake. Rimoti kaitia mfukoni mwa suruali akaenda nayo kulala.

Aende nayo.

Alhamisi, 13 Machi

Hasira haijashuka. 

Miwani! Nyumba hii imehangaika na miwani ya mtu kwa siku zote hizi! Wamemkuza kwenye simu, wamemvuta kwa vidole mpaka puani, wanatafuta jicho lake nyuma ya kioo. Wamesoma hata maoni ya watu wasiowajua, wa nchi wasizozijua. Na mwanamke anawapita hapo hapo, anapapasa ukuta wao, anawamiminia chai yao kwa kidole, na kila siku wanamwambia Bibi, si unaona? Bibi, hiyo hapo mbele yako! Bibi, vipi leo?

Na mimi? Mimi nilikuwa najisifu. Alisema "naona nini hapo", nikavimba.

Leo asubuhi nilikwenda mwenyewe jikoni. Nikamimina chai mbili. Mke wa mwanangu kauliza Baba, leo kuna nini? Nikamwambia nimestaafu uvivu.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi wa tivii kaja. Kijana ana mkoba mkubwa na maneno machache, namtaka hivyo. Kaitazama, kaitikisa kidogo, kazima taa ya sebuleni, kisha kaichukua tochi akamulika kioo kwa karibu.

Picha ipo! Mule mule gizani, tochi inapopita, unaona uso wa mtu. Mdogo, hafifu, lakini anacheka, anasema, anakwenda zake.

Fundi kasema: "Haijafa, Mzee. Kioo kizima, picha ipo. Zilizokufa ni taa za nyuma. Nikiweka mpya, mtaona kama zamani."

Nikamwambia amulike tena. Akamulika. Nikamwambia tena. Kaniangalia ananistaajabia.

Nilimfuata mama watoto chumbani. Nikamwambia aliyoyasema fundi. Kasema: "Mimi si tivii, bwana." Kisha akacheka kidogo. 

Fundi kakaa mpaka alasiri. Tivii imepona. Mwanangu kamshukuru, kisha kanitazama mimi kama nimeletwa na polisi.

Jumamosi, 15 Machi

Habari imelipuka. Mabega kesho jioni anazungumza, tivii zote. Mjukuu anasema imeshavuja: ni mtoto wa jicho. Utando umefunika mboni. Kafanyiwa upasuaji, kesho anavua miwani mbele ya watu.

Nikajifanya sijali. Nikauliza huku nakata kucha: na baada ya kupasuliwa, mtu anaona?

"Anaona, Babu! Wanautoa ule utando wanaweka kioo kidogo. Kesho yake anaona."

"Ni kwa mastaa tu?"

"Aa! Watu wote. Hata pale hospitali kubwa wanafanya, mama mmoja wa saluni mama yake kafanyiwa. Ila wanasema mtu asikae nayo muda mrefu mno." Kisha kaanza kucheka. "Mama! Mama njoo! Babu keshampenda Mabega!"

Wakanicheka nyumba nzima. Mke wa mwanangu kaniita shabiki. Nikawaacha. Kwa mara ya kwanza nimewaacha.

Nikaenda kumwambia mama watoto. Nikamnong'oneza yote, utando, kioo kidogo, hospitali kubwa. Akasema kuna vipofu wa mtoto wa jicho na vipofu wa mengine, yeye atajuaje lake ni lipi? Nikasema ndiyo kazi ya daktari. Akasema na wakikuta ni jingine? Binti atakuwa keshajua. Gari litakuwa limeshakuja. "Uliniahidi."

Niliahidi. Kipaza hajawahi kurudisha neno. Hata mkanda ukikatika katikati, nilikuwa namaliza picha kwa mdomo mpaka mwisho, kwa sababu watu wameahidiwa mwisho.

Binti mkubwa kesho anakuja. Ati aangalie na sisi, Mabega ni wa familia nzima. Wa familia gani!

Jumapili, 16 Machi

Naandika hapa hapa sebuleni, daftari liko gotini. Nimeruhusiwa kukaa kwa sharti lile lile. Kimya. Kalamu hawajaikataza.

Wote wapo. Mwanangu na rimoti yake. Mke wa mwanangu na leso, keshaiandaa. Mjukuu yuko chini na simu, anatazama tivii na anatazama watu wengine wanaotazama tivii. Binti mkubwa kaketi kwenye kiti changu. Kafika mchana, kapanda ngazi anahema, kamkumbatia mama yake, kampa kanga mpya. Kasema Mama, unapenda rangi yake? Mama watoto kaibana kifuani, kasema nzuri sana. Binti kasema lakini ni rangi gani ulikuwa unataka? Nikakohoa kikohozi kirefu. Nikakohoa mpaka nikaletewa maji.

Lakini binti yule ana macho. Naona anamtazama mama yake pembeni.

Wameanza. Mabega kakaa kwenye kochi jeupe. Miwani iko usoni. Mtangazaji anamuuliza kwa sauti ya hospitali. Mabega anasema aliogopa. Anasema aliwaficha watu wake, mpaka mama yake mzazi. Alikuwa anahesabu ngazi, anashika kuta, anacheka wenzake wakicheka.

Mke wa mwanangu analia. Mjukuu analia. Mwanangu anajikuna jicho, anajidai vumbi.

Wanamlilia! Mtu yuko kwenye kochi jeupe, keshapona, ana watu wa kumpaka poda, wanamlilia macho! Na huyu amekaa katikati yao, bega lake linagusa la mwanangu, anatazama. Hakuna mmoja aliyegeuza shingo. Nataka kuirusha kalamu hii kwenye kioo. Nataka kusimama juu ya meza.

Bora nisimame. Hapana. Niliahidi.

Mabega kashika miwani. Anaivua polepole, wanaijua biashara yao. Muziki umenyamaza. Hakuna anayesema, huko wala hapa. Kaivua. Kakodoa. Mjukuu kapiga yowe, mkono mdomoni.

Binti mkubwa hatazami tivii.

Anamtazama mama yake. Anasema taratibu, ile sauti ya mwalimu mkuu haipo: "Mama. Kavua?"

Mama watoto kimya. Kwenye tivii nako kimya, hakuna hata neno la kumsaidia.

"Mama, nimekuuliza. Mabega kavua miwani au bado?"

Sasa wote wamegeuka. Mwanangu kageuka. Mjukuu kaishusha simu. Mama watoto kaupinda uso upande wangu, si kwa binti, si kwenye kioo. Kwangu. Na mkono wake umekuja chini ya daftari, unapapasa, umelipata paja langu.

Kanifinya.

Anataka nini? Nimseme Mabega, kama siku zote, kavua, kakodoa, macho yake mekundu kidogo, shati jeupe? Au niseme lile jingine? Kufinya kwake kuna maana moja tu, tangu banda la mabati: sema.

Kanifinya tena, kwa nguvu, na hauondoi mkono.

Mwanangu anasema Baba, tafadhali, kabla sijafungua mdomo. Mjukuu anasema shsh.

Sawa. Naweka kalamu chini.